Askari wa zimamoto hufa vipi kazini? Naomba vipimo kwa kikosi cha kiwanda cha samaki, Mwanza

Mkaguzi_Nyakato

Mwangaluka wakuu.

Natayarisha mafunzo ya kikosi cha kuzima moto cha kiwanda cha samaki. Watu 12: mafundi wa baridi, walinzi na watu wa stoo. Kazi yao ni kushika dakika za mwanzo, 114 wakiwa wameshapigiwa na gari la Jeshi la Zimamoto na Uokoaji likiwa njiani. Foleni ya jioni mnaijua wenyewe. Vifaa vilivyopo ni seti 4 za kupumulia zenye mitungi ya lita 6.8 ya 300 bar (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa). Jengo lina vyumba vya baridi vya paneli za bati na sponji, mtambo wa amonia, stoo ya maboksi, shimo la maji taka na jenereta.

Kila mwaka tunafundisha namna ya kuzima. Safari hii nataka tuanze na namna mzimaji anavyokufa, kwa sababu vijana wanaamini ukishavaa koti na helmeti kilichobaki ni ujasiri tu. Naomba sababu halisi, vipimo na hatua. Ile ya "wawe makini" tumeichoka.

Mzee wa Geji

Mkuu, anza na hewa. Wengi wanaofia ndani ya jengo wanakuta hewa imeisha kabla moto haujawagusa.

Hesabu yako hii hapa. Lita 6.8 mara 300 bar ni lita 2,040. Kiuhalisia ni pungufu kwa karibu asilimia 10, maana hewa iliyobanwa kiasi hicho haifuati tena hesabu nyepesi, ila tuende nayo. Dakika 50 unazoambiwa na muuzaji zimepigwa kwa matumizi ya lita 40 kwa dakika. Mtu anayeburuta mpira uliojaa maji gizani, kwenye joto, anavuta 70. Akipata hofu anafika 100. Filimbi ya tahadhari hulia kwenye 55 bar hivi. Kwa lita 70 kwa dakika, filimbi inamlilia dakika ya 23, na akiba iliyobaki ni lita 374, yaani dakika 5 na ushee. Sasa mchukulie mtu aliyetembea dakika 8 kuingia ndani, akangoja filimbi ndipo ageuke. Huyo amebakiwa na dakika 5 za hewa na dakika 8 za njia.

Kwa hiyo filimbi si ishara ya kugeuka. Ikilia, mtu anatakiwa awe ameshafika mlangoni. Kanuni ya kugeuka: chukua kipimo cha kuanzia, toa 50, gawa kwa mbili, hicho ndicho cha kwenda. Mtungi wa 300: 300 toa 50 ni 250, nusu yake 125, unageuka geji ikisoma 175. Mtungi uliojazwa 240: kwenda ni 95, unageuka kwenye 145. Wakiwa wawili, mwenye geji ya chini ndiye anayeamua kwa wote. Hapo hakuna mjadala wala ukubwa wa cheo.

Nje ya mlango akae mtu mmoja mwenye ubao na saa, asiye na kazi nyingine yoyote. Anaandika jina, bar za kuingia, saa ya kuingia, wameelekea wapi, na saa wanayotakiwa kuwa nje. Mtu huyo akipewa na kazi ya kuvuta mpira, ubao umekufa na hakuna atakayejua nani yuko ndani.

Ukaguzi kabla ya kuvaa hauchukui dakika tatu. Geji isiwe chini ya 270. Fungua mtungi, mfumo ujae, funga, tazama sindano dakika nzima: ikishuka zaidi ya 10 bar kuna mahali panavuja, mara nyingi oringi (pete ya mpira ya kuzibia) ya kwenye kiungo cha mtungi. Halafu toa hewa polepole mpaka filimbi ilie, uhakikishe inalia. Mwisho vaa barakoa, na mtungi ukiwa bado umefungwa vuta pumzi: inyonywe ikukamate uso. Ndevu hata za siku mbili zinafungua upenyo chini ya kidevu. Kijana anayegoma kunyoa apewe kazi ya pampu.

Kujaza nako kuna mauti yake. Kompresa ya hewa ya kupumua si ile ya fundi rangi, na bomba lake la kuvuta lisiwe karibu na ekzosi ya jenereta. Kiwango cha Ulaya kinaruhusu kaboni monoksaidi isizidi 5 ppm, yaani sehemu 5 kwa milioni. Mtungi wenye moshi wa jenereta ndani yake humlevya mtu polepole, na geji haisemi kitu.

Mfano wa kufundishia ni Worcester, Massachusetts, Desemba 3, 1999. Ghala la zamani la baridi, kubwa, kuta nene, halina madirisha, lilishika moto. Askari wawili waliingia kutafuta watu waliodhaniwa wamo ndani. Wakapotea kwenye moshi, hewa ikawaishia. Wengine wanne waliowafuata nao hawakutoka. Watu waliokuwa wakitafutwa walikuwa wameshaondoka zamani.

NesiKaziSalama

Nakubaliana na Mzee wa Geji kwa wanaofia ndani. Ila usimalizie hapo, maana wengi hawafii ndani kabisa.

Marekani huorodhesha vifo hivi mwaka hadi mwaka, na sababu inayoongoza kwa muda mrefu ni moyo. Utafiti uliochapishwa huko 2007 ulionyesha kuwa kuzima moto kwenyewe huchukua asilimia 1 hadi 5 tu ya muda wa kazi wa askari, lakini asilimia 32 ya vifo vyao vya ugonjwa wa moyo hutokea wakati huo. Mtu ametoka kukaa, ghafla anabeba kilo 20 hadi 25 za vifaa, mapigo yanapanda, jasho linamkausha, damu inakuwa nzito. Aliyekuwa na presha bila kujijua ndiye anayeanguka, na mara nyingi huanguka akiwa ameshatoka nje, ameketi pembeni. Ndiyo maana sheria yao ya 2003 ya fidia inahesabu pia shambulio la moyo au kiharusi kinachotokea ndani ya saa 24 baada ya kazi.

Pima presha na sukari za hao 12 kabla ya mafunzo, si baada. Siku ya tukio, kila aliyemaliza mtungi wa kwanza apumzike angalau dakika 10, na wa pili dakika 20, nje ya moshi. Kupumzika maana yake koti limefunguliwa, suruali ya kazi imeshushwa, anakunywa maji, na mikono yote mpaka viwiko imezama kwenye ndoo ya maji ya kawaida. Hiyo ndoo inashusha joto la mwili kuliko feni. Baada ya dakika 20, mapigo yakiwa bado juu ya 100 au presha juu ya 160/100, harudi. Akilalamika kifua, bega la kushoto au taya, usimwache "ajisikilizie". Aspirini 300 mg atafune kama haimdhuru, gari iwashwe kuelekea Bugando au hospitali iliyo karibu zaidi. Akizimia na hapumui: kandamiza kifua sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, 30 kwa pumzi 2. Koti lile zito livuliwe kwanza, juu yake hukandamizi kitu.

Kuna na kifo cha polepole. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Makoti yapigwe brashi, yaoshwe kwa maji na sabuni palepale kabla hayajaingia kwenye gari, yafungwe kwenye mfuko. Hakuna kupeleka nyumbani kufua na nguo za watoto. Kuvaa koti lenye masizi kama nishani ya kazi ni ushamba.

FundiBaridi

Sasa tuje kwenye jengo lenyewe, maana kiwanda cha samaki si nyumba ya kawaida.

Paneli. Bati nje, bati ndani, katikati sponji ya poliyurethani au polistirini. Moto ukiingia kwenye sponji kupitia tundu la waya lisilozibwa, unatembea ndani ya ukuta na juu ya dari, wewe umesimama chini unaona bati safi. Gundi inaachia, bati la dari linashuka na mataa yake na feni za baridi zenye uzito wa kilo mamia. Hereford, Uingereza, 1993, kiwanda cha kusindika kuku cha aina hiyohiyo kiliua askari wawili waliokuwa ndani. Dalili za kuondoka: rangi ya bati inababuka bila moto kuonekana, viungo vya paneli vinatoa moshi kwa msukumo, dari inapinda, bati linagonga. Ukiona mojawapo, kikosi cha kiwanda hakina kazi tena ndani. Na moshi wa sponji una kaboni monoksaidi na sianidi. Pumzi chache zinatosha kumpotezea mtu akili ya kutafuta mlango.

Amonia. Inachemka kwenye nyuzi −33, na lita moja ya kimiminika hutoa zaidi ya lita 800 za gesi. Pua inaishika mapema sana, hata kwenye ppm 20 au 30, na hilo ni jema. 300 ppm ndiyo mpaka wa hatari ya maisha kwa asiye na seti. Lakini wanachosahau watu wa zimamoto ni ngozi. Ikifika asilimia 1 ya hewa, yaani ppm 10,000, sehemu zote zenye jasho zinaanza kuungua: kwapani, shingoni, kwenye mapaja. Koti la moto halizuii gesi. Kwa kuingia kwenye wingu unahitaji suti isiyopitisha gesi, na kama hamna, hamuingii. Barakoa ya kichujio cha kijani, alama K, ni ya kukimbilia nje.

Halafu amonia inalipuka, watu hawaamini. Kati ya asilimia 15 na 28 ya hewa, ikipata cheche, inawaka. Shreveport, Louisiana, 1984: askari wawili waliingia ghala la baridi kuzuia uvujaji, gesi ikiwa imejaa ndani, cheche ikatokea. Mmoja alikufa na mwenzake akaungua vibaya.

Hatua kwa kikosi chako: bonyeza kitufe cha kuzima mtambo kilicho NJE ya chumba cha mashine (kama kipo ndani tu, hilo ndilo la kurekebisha wiki hii), funga vali ya kimiminika inayotoka kwenye risiva (tangi la amonia ya kimiminika) kama inafikika bila kuingia kwenye wingu, ondoa watu kukata upepo, si kuufuata. Mchana upepo kwa kawaida unatoka ziwani kuelekea bara, usiku unageuka. Weka kitambaa cha upepo juu ya paa muache kubahatisha. Maji myapige ya manyunyu kwenye wingu, upande linakoelekea, maana maji yanainyonya amonia. Msiyapige kwenye dimbwi la amonia ya kimiminika. Yatalipasha joto na kulichemsha, mtatengeneza wingu kubwa kuliko la kwanza.

kijana_igoma

Wakuu si tulifundishwa amonia ni nyepesi kuliko hewa? Ukifungua milango yote itapaa yenyewe.

FundiBaridi

Ikiwa kavu na ya joto la kawaida, ni kweli, uzito wake ni kama 0.6 ya hewa. Inayovuja kwenye bomba la msukumo inatoka baridi kali na vitone ndani yake, inashika unyevu wa hewa yetu hii ya ziwani, inakuwa wingu jeupe linalotambaa chini. Linaingia kwenye mitaro na kwenye ngazi za chini.

Na milango: kama ndani gesi imevuka asilimia 28, kufungua kunaishusha kuelekea 15, yaani unaipitisha kwenye mlipuko huku umeshika kitasa. Feni ya kutolea gesi yenye mota isiyotoa cheche, iliyowashwa kwa swichi ya nje, ndiyo njia. Kama haipo, kaeni mbali mngoje Jeshi.

Mzamiaji wa Mwaloni

Mkaguzi ametaja shimo la maji taka na wote mmelipita. Mahali hapo panaua watu kwa mafungu. Mmoja anashuka kuzibua pampu, anaanguka, wa pili anaruka kumwokoa, wa tatu anafuata. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini ilihesabu vifo vya sehemu finyu miaka ya 1980, ikakuta zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa ni waokoaji.

Maji yenye mabaki ya samaki yakikaa yanatoa haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai bovu. Ikifika kama ppm 100 pua inakufa ganzi, harufu inapotea, mtu anadhani kumesafika. Pima kwa kamba, juu, katikati na chini: oksijeni isiwe chini ya asilimia 19.5, salfaidi isizidi ppm 10, gesi ya kuwaka isizidi asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kulipuka. Bila kipimo, chukulia ni sumu. Anayeshuka awe na seti, mkanda wa mwili mzima, na kamba kwenye tripodi na winchi. Kumvuta mtu wa kilo 80 aliyelegea kwa mikono kupitia mdomo wa sentimita 60 hakuwezekani, jaribuni na gunia la mchanga muone. Na msishushe pampu ya petroli shimoni. Moshi wake peke yake unatosha.

Kama kiwanda kinavuta maji ziwani na mnatumia mzamiaji kusafisha chujio: Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa ni kama 0.87 ya pwani. Jedwali la kuzamia la baharini halifai kama lilivyo. Mita 24 hapa hesabu kama 28. Azimwe pampu na kufuli iwekwe kwenye swichi, ufunguo akae nao mshika kamba. Vikata kamba viwe viwili, kimoja kila upande wa mwili, kwa sababu ya nyavu zilizoachwa. Na kichocho asikisahau, apimwe wiki kadhaa baadaye.

Mkaguzi_Nyakato

Asanteni wakuu, hii ndiyo nyama niliyoitaka. Swali moja: kwa seti 4 na watu 12, niwagawe vipi? Uongozi unataka wote wanne wenye seti waingie pamoja "wamalize haraka".

NesiKaziSalama

Kabla hujajibiwa: hao 12 wapewe barua za uteuzi zenye saini, na mahudhurio ya mafunzo yawekwe. Likitokea la kutokea, familia inakwenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kudai mazishi na malipo ya wategemezi, na jambo la kwanza kubishaniwa ni kama kuzima moto kulikuwa kazi yake.

Mzee wa Geji

Wanne wasiingie. Seti 4 maana yake timu moja tu ndani: wawili wanaingia, wawili wanakaa mlangoni wamevaa kila kitu isipokuwa barakoa, mitungi imejaa, hawashikishwi kazi nyingine. Ndio pekee wanaoweza kumfuata aliyeanguka. Ukiwaingiza wote, waokoaji wako watakuwa wale wasio na seti, na hapo umerudi kwenye shimo la Mzamiaji. Seti moja ikiwa na hitilafu asubuhi hiyo, zimebaki 3, basi hakuna anayeingia. Mpige maji kutoka nje na mpoze majengo ya jirani.

Waliobaki 8: mmoja ubao na saa. Mmoja pampu. Wawili mpira, kuulisha mlangoni usijikunje. Mmoja fundi baridi kwenye kitufe na vali za nje. Mmoja getini kupokea gari. Mmoja kuhesabu watu kwa daftari la zamu, ili msije kumtafuta ndani mtu ambaye yuko Mabatini anakunywa chai. Mmoja umeme, na huyu umsisitizie: akikata laini ya TANESCO, jenereta yenye swichi ya kujigeuza itawaka yenyewe ndani ya sekunde chache na kurudisha umeme kwenye waya ambazo watu ndani wanaamini zimekufa. Azime jenereta kwanza, aiweke kwenye hali ya kuwashwa kwa mkono, halafu akate laini, afunge kufuli, ndipo atamke "umeme umekatwa".

Walio ndani wakikwama, wito ni mmoja, unarudiwa mara tatu, na redio zote nyingine zinanyamaza: nani, yuko wapi, limempata nini, bar ngapi. Mfano, "Juma, chumba cha baridi namba mbili, mguu umebanwa, 110." Kisha awashe kwa mkono kengele yake ya mwendo (ile inayolia mtu akikaa bila kusogea), asingoje ile nusu dakika ya kujiwasha yenyewe, alale chini karibu na ukuta au mpira, apumue taratibu. Mpira ndiyo njia ya kutokea: kwenye viungo vingi vya kuchomeka, upande wa jike unaelekea kwenye nozo na wa dume unaelekea kwenye pampu. Wafundishe kuupapasa na glavu, macho yamefungwa.

Getini pawe na karatasi moja iliyofunikwa plastiki: ramani, kilo za amonia zilizomo, vali ziko wapi, paneli ni za sponji gani, tangi la dizeli, haidranti iliyo karibu na idadi ya watu ambao hawajaonekana, iandikwe kwa kalamu inayofutika. Kamanda wa gari akishuka anapewa hiyo mkononi na mtu wa getini, na kuanzia hapo kikosi chako kinatoka ndani, amri ni yake.